Mayungiyungi ya Shimo la Chokaa

Baba yangu alikuwa mtu wa zamu. Tangu nipate akili nilimjua kwa zamu zake. Akiwa zamu ya asubuhi, alirudi alasiri akinuka asidi. Akiwa zamu ya usiku, alilala mchana na sisi tulinyata ndani ya nyumba yetu wenyewe kama wezi. Alifanya kazi kwenye elektrolisi, pale shaba inapovutwa na umeme kutoka kwenye maji ya asidi ikawa mabamba mekundu. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo vya asidi, na mama alikuwa amechoka kuyatia viraka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kazi ile ikaanza kufa polepole. Mishahara ikachelewa, kisha ikawa inakuja nusu, kisha ikaacha kuja. Mwishowe baba na wenzake wengi wakaambiwa warudi nyumbani wangojee kuitwa. Kwa Kifaransa waliita konje tekniki. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyelipwa. Likasi nzima, mji wetu wa migodi huko Katanga, ikajaa wanaume waliovaa buti za kazi wakati wa kazi, wakizunguka bila pa kwenda.

Baba hakuweza kukaa. Aliamka saa ileile ya zamu, akavaa, akatoka uani. Alichimba mfereji wa maji ya mvua wakati kiangazi kilikuwa kimekaza, akauangalia, akaufukia. Aling'oa mlango wa choo akaurudisha. Mama, ambaye alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza mbele ya parseli, yaani kiwanja chetu, alimwambia siku moja, "Papa, ikala kidogo. Unanizungusha kichwa."

"Nitaikala namna gani?" baba akasema. "Miguu inakatala."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Walimu walikuwa wamegoma na shule imefungwa, kwa hiyo mama akanipa kazi: nifuatane na baba kila anakokwenda. "Umuangarie," alininong'oneza. "Mwanaume akianza kutembea bule hivi, unaweza kusikia amefika fasi mubaya."

Tukatembea. Tulikwenda gereji ya reli tukarudi. Tulikwenda soko kuu tukapita katikati bila kununua kitu. Tulipanda hadi njia ya Kambove, tukageuka bila sababu. Baba alitembea mbele, mimi nyuma, hatuzungumzi. Wakati mwingine alisimama ghafla kama aliyesahau kitu, kisha akaendelea. Na mimi nilianza kuambukizwa. Nikikaa chini nyumbani magoti yalinicheza yenyewe.

Siku moja tuliteremka upande wa Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Kuna mashimo pale yaliyoachwa zamani. Moja lilikuwa limejaa maji, na maji yale yalikuwa ya kijani kilaini, safi, kwa sababu ya chokaa. Upande wa chini, pale ukingo uliposhuka polepole, majani ya duara yalikuwa yametandazwa juu ya maji kama sahani, moja karibu na lingine, na katikati yake yamesimama maua. Yalikuwa ya buluu iliyochanganyika na zambarau, ya manjano ndani. Mayungiyungi.

Baba alisimama muda mrefu. Kisha akakaa juu ya jiwe, akavua buti. Sikuwa nimeona miguu ya baba yangu kwenye jua hata siku moja. Ilikuwa myeupe kama imetolewa kwenye bandeji. Akakunja suruali, akaingia ndani ya maji hadi kiunoni, akavuta ua moja. Kikonyo kilitoka kirefu, kirefu, kama mpira wa kumwagilia. Akakikata kwa meno, akakiweka mdomoni, akazamisha upande wa pili, akapuliza. Mapovu yakatoka.

"Angaria," akaniambia. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Iko na tiyo ndani. Inapitisha hewa mpaka chini."

Tulirudi na maua ndani ya ndoo ya mtu tuliyemwomba njiani. Mama alipoyaona alicheka hadi akashika ukuta. "Bwana yangu amekwenda kutafuta kazi, ameleta maua!" Lakini aliyaweka kwenye beseni, mlangoni, karibu na maandazi yake. Alasiri yakajifunga yote, na mama akadhani yamekufa. Asubuhi yalikuwa wazi tena.

Jirani yetu mmoja, shemasi katika kanisa la maombi, alipita kununua andazi akayaona. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Akauliza kama anaweza kupata mengi. Mama, ambaye hakuwahi kukosa jibu la biashara, akasema bila kumtazama baba, "Yatakuwako."

"Arusi ni saa kumi," baba akasema jirani alipoondoka. "Saa kumi maua itakuwa imelala."

"Weye mutu wa mashini," mama akamjibu. "Tafuta mashini yake."

Aliitafuta. Alijaribu maji ya moto, maji ya chumvi, akajaribu kuyafunika kwa gunia. Mwishowe akawasha mshumaa, akadondosha nta chini ya kila petali, pale linapoungana na ua, akangoja igande. Ua likabaki wazi. Halikuweza kujifunga hata lingetaka. Jumamosi ile bibi arusi alipita katika kambi yetu ya wafanyakazi na mayungiyungi yaliyofunguka kabisa jua likiwa linazama, na kuanzia hapo watu wakatujua. Parokia ikataka ya altare, wapiga picha wakataka ya kuwekea wateja mkononi. Tulipewa unga, mafuta, sabuni, mara nyingine mishumaa tu, na mishumaa nayo tulihitaji.

Baba akawa na zamu tena. Asubuhi na mapema tulikuwa kwenye shimo, na pale ndipo tulipoanza kuwajua wadudu.

Mwanzoni niliona tu kwamba majani mengine yalikuwa na mistari. Michirizi ya kahawia ilizunguka juu ya jani, ikapinda, ikarudi, kana kwamba mtu amechora akiwa anawaza mambo mengine. Nililala kifudifudi ukingoni nikavuta jani karibu. Mwisho wa kila mchirizi kulikuwa na mdudu mweusi, mdogo kama mbegu ya tikiti, laini, akila ngozi ya juu ya jani na kuacha ya chini. Pembeni, mama zao, au baba zao: mbawakawa wa rangi ya udongo, wakitembea kwa utulivu wote. Walitaga mayai ya manjano kwa makundi juu ya majani yaleyale waliyoyala. Walizaliwa pale, wakala pale, wakageuka mbawakawa palepale.

Wengine walikuwa vidukari. Hao walijaa kwenye vikonyo vya maua na migongo ya petali, weusi kama masizi, na ua walilolifyonza lilifunguka limepinda. Baba aliwachukia hao kuliko wote kwa sababu maua yaliyopinda hayakutakiwa na mtu.

Lakini niliyempenda alikuwa kiwavi mmoja ambaye kwa wiki nzima sikujua kama ni mdudu. Niliona vipande vya majani vinaelea, vya mviringo mrefu, vimekatwa vizuri kama kwa mkasi. Kwenye majani makubwa niliona mapengo yenye umbo lilelile. Kipande kimoja kikasogea, na upepo haukuwapo. Nikakichukua. Vilikuwa vipande viwili vilivyogandishwa pamoja pembezoni kwa uzi mwembamba, na katikati, katika hewa kavu kabisa, amelala kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Akatoa kichwa, akanitazama, akakirudisha ndani. Nilimwita baba kwa sauti hata akadhani nimeumwa na nyoka.

Baba alimgeuza geuza mkononi. "Ni vinkubala?" akauliza, maana viwavi wa kuliwa ambao akina mama wanauza sokoni tunawaita hivyo.

"Hapana, papa. Hii haikuliwe."

"Kama haikuliwe, inatafuta nini hapa?" Akamfinya.

Alipigana nao kama alivyopigana na kila kitu mwaka ule. Aliwaokota mmoja mmoja akawatia ndani ya kopo la majivu. Alijaribu maji ya sabuni, na mama alipogundua sabuni ilikokwenda wakazozana hadi majirani wakatoka nje. Kisha akatengeneza pete kubwa za waya kutoka kwenye vyuma alivyookota, akaziweka juu ya majani, zikayazamisha chini ya maji. Hiyo ilifanya kazi kidogo. Vidukari walielea na samaki wadogo wakaja kuwameza. Baba alisimama ndani ya maji mikono kiunoni akiwaangalia samaki wale wakila, ameridhika kama msimamizi. Lakini viwavi wa ndani ya majani walikuwa na hewa yao. Vifuko vyao vilichomoka chini ya waya, vikapanda juu, vikaelekea kwenye jani jingine. Jioni vipepeo vidogo vyeupe viliruka chini chini juu ya maji, na kesho yake kulikuwa na mapengo mapya.

"Hawa hawachoke?" baba aliniuliza.

Nilimwambia sidhani.

Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza mji ulipobadilika. Kwenye redio na kwenye mikutano ikaanza kusemwa kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao, kwamba ndio waliokula kazi za wenyeji. Mwanzoni ilikuwa maneno. Kisha nyumba zikaanza kutiwa alama, kisha kuchomwa, na familia zikaanza kuonekana barabarani zimebeba magodoro kichwani kuelekea stesheni.

Mama yangu alizaliwa Likasi. Baba yake alikuja na reli kutoka Kasai, akajenga, akafia hapa. Baba yangu ni mtu wa upande wa Luapula, na kwa sababu yake watu walimwacha mama kwa wakati ule. Lakini mama aliacha kukaa mbele ya parseli. Alikaanga ndani, na mimi nikapeleka sinia nje. Akisikia kundi la watu linapita alisimama, akakaa, akasimama tena. Lugha ya baba yake aliyokuwa akiimba nayo asubuhi ikatoweka mdomoni mwake.

Mdogo wake, mama mudogo wangu, alikuwa mshonaji. Alikaa mtaa wa pili na mume wake na mtoto wao wa kike ambaye hakuwa ametembea bado. Mume alikuwa ametangulia na treni ya mwanzo kutafuta mahali pa kufikia. Vijana walipoingia nyumbani kwake alitoka na mtoto peke yake, cherehani ilibaki. Akaja kwetu. Alilala chumba changu, mtoto katikati yetu.

Hakumaliza wiki. Alasiri moja vijana walisimama kwenye lango. Wengine niliwajua, tulisoma nao. Baba alitoka.

"Papa, tunasikia muko na bageni," mmoja akasema.

"Ule haiko mugeni. Ni mudogo ya bibi yangu."

"Aende kwabo."

"Kwabo ni hapa. Alizaliwa hapa, mu hopitali yenye weye ulizaliwa."

Kijana akatazama chini, kisha akainua macho. "Hatuna maneno na weye, papa. Na bibi yako pia, leo hatuna maneno naye."

Wakaondoka kwa mwendo wa kawaida, wakipiga mawe madogo kwa miguu. Ndani ya nyumba mama mudogo alikuwa tayari anafunga nguo za mtoto kwenye kitenge.

"Haiko lazima," mama akamwambia akilia.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada au kaka mkubwa, "bakiunguza hii nyumba, weye na mutoto yako mutaikala wapi?" Akajitwisha mzigo, akanipa mtoto nimbebe, na tukaenda.

Stesheni ilikuwa imekuwa mji mwingine. Watu waliishi kwenye majukwaa, chini ya mabehewa, chini ya mashuka na maturubai, kwenye vyumba vya shule ya jirani. Treni ilisemwa kuja kesho. Kesho ilipofika ilisemwa tena. Miezi ilipita hivyo. Moshi wa kuni ulipaa mchana kutwa, na mvua ikinyesha kila mtu alisimama wima kwa sababu hakukuwa na pakavu pa kukaa. Mama alipeleka chakula kila alipoweza, amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Chakula chenyewe kilikuwa kinapungua hata kwetu.

Na watoto wakaanza kufa pale, kwa kuhara, kwa surua. Watu walivunja makabati waliyokuja nayo wakatengeneza majeneza. Mwanaume mmoja alikuja kwetu asubuhi akauliza maua. Baba alimpa yote yaliyokuwa kwenye beseni. Mwanaume akatoa sabuni iliyofungwa kwenye gazeti. Baba akamrudishia.

"Chukua, papa. Sitaki ya bure."

"Ni mayi yalileta," baba akasema. "Haiko yangu."

Kuanzia siku hiyo hatukuuza tena. Waliokuja kutoka stesheni walipewa, na walikuja wengi. Baba alitia nta hata kwenye maua ya mazishi ingawa yangeingia udongoni kabla hayajajifunga. Nilimuuliza kwa nini. Akaendelea kudondosha.

Ndipo mimea ilipoanza kutoweka. Tulifika shimoni tukakuta majani yanaelea yamekatika, vikonyo vimelala juu ya maji, na sehemu nzima ya maji iko wazi. Baba alidhani ni mdudu mpya, wa chini, anayekula mizizi. Alizama akapapasa tope. Akatoka macho mekundu. "Hakuna kitu chini," akasema. "Hakuna hata kiazi." Kila asubuhi shimo lilikuwa wazi zaidi. Viwavi na mbawakawa wote walihamia kwenye majani yaliyobaki, wakayala hadi yakawa nyavu. Baba hakuwaokota tena. Alitembea ukingoni huku na huku akitafuta, na siku moja akaona alama za nyayo kwenye tope.

Kesho yake tulikwenda kabla ya jua kutoka vizuri. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji. Ndani yake kulikuwa na mtu, maji kifuani, anainama na kuinuka.

"Nani ule?" baba akapiga kelele. "Utoke mu mayi!"

Mtu akasimama. "Yaya, njo minye."

Alikuwa mama mudogo. Mtoto alikuwa kwenye majani makavu, amefungwa ndani ya kitenge, amelala. Pembeni kulikuwa na sufuria yenye viazi vyeusi, vidogo kama mayai ya njiwa, vyenye nywele za mizizi. Viazi vya mayungiyungi. Alikuwa ameambiwa na bibi mmoja wa stesheni kwamba vinaliwa ukivichemsha na kubadilisha maji.

Baba alisimama pale na kopo lake la majivu mkononi. "Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi. "Kila siku unaokota bidudu juu ya hii maua. Bantu bote banasema. Ningekuya nikuambie, yaya, nataka kuyang'oa?"

Nilimwona baba anatazama sehemu iliyo wazi ya maji, kisha sufuria, kisha mtoto. Akakaa juu ya jiwe akavua buti.

"Utoke, ujipashe moto," akamwambia. "Hii kazi iko ya mutu murefu."

Akaingia. Alichimba kwa miguu, akikanyaga tope hadi kiazi kinachomoka, kisha anainama kukichukua. Alichimba vizuri na kwa haraka, yeye yuleyule aliyekuwa akiyalinda maua. Vilivyokuwa vidogo sana alivirudisha chini akavikandamiza kwa kisigino.

Mama mudogo alikaa karibu nami, nimemfunika kwa sweta langu. Kipande cha jani kilikuwa kimenasa kwenye mkono wake uliolowa. Alitaka kukipangusa, nikamshika. "Ngoja, mama mudogo. Angaria ndani." Nikafungua ukingo kidogo, kiwavi akatoa kichwa.

Akakileta karibu na macho. Alikitazama kwa muda, akapitisha ukucha kwenye ule uzi mwembamba, kama nilivyomwona akikagua kazi za washonaji wengine.

"Anashona," akasema.

"Eh, anashona."

"Lakini haina pindo. Itafumuka." Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti, hata baba akageuka ndani ya maji, na mtoto akaamka. Akakiweka kile kifuko juu ya maji, akakisukuma kwa kidole.

Tulichimba pamoja naye asubuhi nyingi. Baadaye wengine wa stesheni wakafuata, akina mama na sufuria zao, na baba hakumzuia yeyote. Aliwaonyesha tu pale tope lilipokuwa na kina cha kuzamisha mtu. Viazi vile vilikuwa vichungu hata baada ya maji mawili, vikikauka mdomoni kama chaki. Watu walivila. Kabla mvua hazijakwisha, shimo lilikuwa maji matupu ya kijani, na vipepeo vyeupe bado vinaruka jioni juu yake bila pa kutaga.

Mama mudogo akashikwa na homa na kuhara. Alikonda hadi pete ikamtoka kidoleni. Wakati huohuo treni ikasemwa tena, na safari hii mabehewa yaliletwa kweli. Mama alirudi kutoka stesheni, akasimama katikati ya nyumba.

"Hawezi kushika mutoto," akasema. "Nilimupatia, mikono ikaachia. Mi naenda naye."

"Unaenda wapi?" baba akauliza. "Ukishapanda mule, bataandika nini juu yako? Utarudia namna gani?"

"Sijue."

"Na hii mutoto yetu?"

Mama akanitazama. "Huyu anaweza kukaanga maandazi. Anaweza kukushika weye usipotee. Ule mwingine hana mutu." Akaingia chumbani kufunga nguo. Baba akamfuata hadi mlangoni, akarudi, akatoka uani, akaingia tena. Nilidhani atamkataza. Aliporudi mara ya mwisho alikuwa na galoni ya maji aliyoifunga kamba ya kubebea begani.

Lilikuwa behewa la mizigo. Watu walipanda hadi juu ya paa na mali zao. Baba alimwinua mama mudogo mikononi kama gunia jepesi, akamlaza kwenye kona, kisha akampokeza mama mtoto. Galoni ikafuata. Mama alikuwa anaongea bila kupumua: unga uko wapi, mafuta ya nani hayajalipwa, nisilale bila kufunga dirisha la nyuma. Behewa likavutwa kwa kishindo, likasimama, likavutwa tena. Alikuwa bado ananiambia jambo la dirisha nilipoacha kumsikia.

Baada ya hapo baba hakukaa mjini. Alikwenda Kamatanda na wanaume wengine waliokuwa wamechoka kungojea kuitwa, wakachimba mawe ya shaba kwa nyundo na patasi na kuyauza kwa wanunuzi wa njiani. Alirudi kila siku ya pili au ya tatu, mweupe wa vumbi hadi kwenye kope. Nilikaanga maandazi. Nilishindwa kutulia kwenye ile nyumba, na nilipomaliza kuuza nilikwenda Kakontwe peke yangu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza niliona majani mapya. Yalikuwa madogo, mekundu chini, yamejikunja kama karatasi, yakipanda kutoka kwenye vile viazi vidogo ambavyo baba alivirudisha kwa kisigino. Nilitaka kufurahi. Siku chache baadaye jani la kwanza lilikuwa na mchirizi. Sijui mbawakawa wale walingojea wapi muda wote ule, kwenye nyasi gani, chini ya jiwe gani. Nililala kifudifudi nikawaangalia hadi jua likaniunguza shingo. Sikuokota hata mmoja.

Habari za mama zilikuja kwa vipande, kupitia madereva wa reli: mtu alimwona Kamina, mtu alimwona Mwene-Ditu, mtu alisikia mwanamke wa Likasi amekufa njiani lakini hakujua jina. Baba alisikiliza zote kwa namna ileile, akitazama mlango.

Mama alirudi kwa miguu kutoka kwenye lori la mahindi lililomshusha njia ya Kolwezi. Nilikuwa nje na sinia. Niliona mwanamke mwembamba anavuka barabara polepole, amejifunga kitenge ambacho kilikuwa chetu, na nilimwaga maandazi yote.

Jioni baba alifika na vumbi lake. Walisimama mlangoni wakitazamana.

"Umekonda," baba akasema.

"Na weye umezeeka. Nawa uso, nikuone."

Alinawa. Mama akamwambia yote wakati anajifuta: kwamba mdogo wake alipona, kwamba mume alipatikana, kwamba mtoto anatembea na anatukana kila mtu, kwamba mama mudogo anashonea watu kwa mkono na sindano moja. Yeye mwenyewe alikuwa amekwama huko kwa kukosa treni, akalima shamba la watu hadi akapata lori. Baba alikuwa ameshika taulo usoni muda mrefu kuliko wa kujifuta.

Kesho yake asubuhi mama alifungua gunia la unga, akatia mkono ndani, akanusa. Akaniita kwa sauti ya juu ambayo mtaa mzima uliisikia, akitaka kujua ni nani aliyeninunulisha unga wenye fukusi, na mimi, nikiwa na miaka karibu kumi na tisa, nilisimama mbele yake nikajitetea hadi maji ya chai yakakauka motoni.